Vivinjari Vikongwe: Nani Abakishwe Mlangoni?

Wamo miongoni mwetu, ndugu wasomaji, wazee wasiopata kununua simu mpya hata siku moja. Hurithi zile walizozichoka watoto wao. Siku wakitaka kufungua ukurasa wa benki au wa serikali, huambiwa kwamba kivinjari chao kimepitwa na wakati, na safari ikaishia hapo.

Kivinjari ni ile programu ambayo kwayo tunafungua kurasa za intaneti, nayo huzeeka kama chombo chochote. Je, wenye tovuti wamhudumie aliye na kivinjari kikongwe, au wamfungie mlango? Mafundi wamelizozania jambo hili miaka mingi.

Kisa mashuhuri ni cha Internet Explorer 6, kilichotoka mwaka 2001. Microsoft ilikuwa imekwisha kuwashinda wapinzani wake, ikakaa miaka mitano bila ya kutoa toleo jingine. Maofisi yalijenga mitambo yao juu ya kivinjari hicho, kisha yakashindwa kukihama. Mafundi nao wakawa wanaijenga kazi moja mara mbili: mara kwa walimwengu, na mara kwa huyo mkongwe. Mwaka 2010 Google na YouTube ziliacha kukihudumia. Mwaka 2012 duka la Kogan la Australia lilikwenda mbali zaidi: wateja waliokuja na toleo la 7 walitozwa nyongeza ya asilimia 6.8, yaani sehemu moja ya kumi ya asilimia kwa kila mwezi wa umri wa toleo hilo! Microsoft yenyewe ilikifunga Internet Explorer tarehe 15 Juni 2022.

Hoja ya gharama hatuipi uzito mkubwa. Hoja ya usalama ni nyingine. Mapema mwaka 2010, baada ya Google kushambuliwa kwa kupitia ufa wa Internet Explorer, serikali za Ujerumani na Ufaransa ziliwashauri raia wao watumie vivinjari vingine. Kivinjari kisichozibwa nyufa ni nyumba isiyo na komeo, na anayeibiwa ni yule yule mzee tunayemhurumia.

Hata hivyo, duka la viatu si sawa na idara ya uhamiaji. Hapa Uingereza kadi nyingi za ukaazi zilikwisha muda tarehe 31 Desemba 2024, na mahali pake ikaja viza ya elektroniki. Mwajiri akitaka uthibitisho, mtu huutoa kwenye tovuti. Asiyeweza kuifungua yumo hatarini kukosa kazi kwa haki aliyo nayo. Kwa huduma za namna hii, sisi tunaona mlango usifungwe kwa wepesi.

Nayo yawezekana. Mwongozo wa serikali ya Uingereza kwa mafundi wake unawataka waanze na maandishi, fomu na kitufe vinavyofanya kazi katika kivinjari chochote, kisha ndipo waongeze mapambo. Yakikwama mapambo, fomu ibaki. Mfano mwingine ni Let's Encrypt, taasisi ya Marekani inayotoa bure vyeti vya usalama vya tovuti. Novemba 2020 ilionya kwamba simu za Android za kabla ya toleo la 7.1.1, kama theluthi moja ya Android zote wakati ule, zingekuja kuzikataa tovuti zenye vyeti vyake. Mwezi uliofuata ikapata njia ya kuwaongezea watu muda hadi 2024. Hawakuhudumiwa milele, lakini walipewa miaka ya kujitayarisha.

Vijana wa nyumbani na wazikague simu za wazee wao: ikiwa kivinjari kinakubali kusasishwa, kisasishwe leo. Simu isiyokubali tena ibaki kwa mazungumzo, wala isiingizwe nambari za benki. Maktaba nyingi za umma zina kompyuta za bure. Mzee akienda, na afuatane na mtu wake, na akimaliza ahakikishe ametoka katika akaunti yake kabla ya kuinuka kitini.