Kabla hujapanda ndege kwenda kucheza karata

Ni saa kumi na moja jioni, Jaws Corner, Mji Mkongwe. Muuza kahawa anagonga vikombe, wazee wawili wameinamia bao, na barazani pembeni vijana wanne wa skuli wamebanana juu ya simu moja.

"Mwana, huyu kala dola milioni kumi na mbili! Kwa karata tu!"

"Karata? Si hizi hizi tunazocheza sisi?"

"Hizi hizi. Na wewe hapa mtaani nani anakuweza? Sasa unangoja nini?"

Aliyeulizwa yuko Form Four. Amecheka, lakini usiku ule hakulala. Tangu hapo anacheza poka kwenye simu mpaka saa nane za usiku. Kuna mtu amemwandikia kwamba yapo mashindano nje ya nchi, yanataka kiingilio tu, "mengine tutakusaidia". Mama yake mwezi huu amepokea zamu yake ya upatu. Pesa ziko ndani ya sanduku, na kijana anajua ufunguo unawekwa wapi.

Kijana huyu tumemtunga kwa mfano. Lakini wewe msomaji huenda unamjua, au ni wewe mwenyewe. Hatukuja kukugombeza. Twende pole pole, tuone mambo haya yanavyokwenda, halafu uamue kwa akili yako.

KARATA SI NGENI KWETU

Karata zina miaka mingi pwani yetu. Hata majina yake yanaeleza zilikotoka: kopa, uru, shupaza na pau ni maneno ya Wareno, waliofika pwani hii mwaka 1498. Ule mchezo wa kutafuta pointi 61 nao unafanana sana na michezo ya Kireno. Ree ina pointi 11, seti 10, mzungu wa nne 4, wa tatu 3 na wa pili 2. Jumla 30 kwa kila rangi, na rangi ni nne, basi 120. Nusu yake ni 60, kwa hiyo anayefika 61 ndiye mshindi.

Mchezo huu una faida zake. Unafundisha hesabu za haraka, kukumbuka karata zilizokwisha toka, na kumwelewa mwenzako bila ya kusema naye. Ukishindwa, unachekwa, unapisha wengine wakae. Kesho unarudi. Hakuna aliyelala na njaa.

Jambo linabadilika pale pesa inapowekwa juu ya mkeka. Hapo mchezo unakuwa kamari, na lugha nayo inabadilika: hatusemi tena "nimeshinda" na "nimeshindwa", tunasema "nimekula" na "nimeliwa".

POKA NI NINI?

Katika aina ya poka inayochezwa zaidi kwenye mashindano, kila mchezaji anapewa karata mbili ambazo wengine hawazioni. Karata nyingine tano zinafunuliwa mezani, za wote. Kwa karata hizo saba unatafuta tano bora. Katikati ya yote hayo watu wanaweka dau, wanaongeza, au wanaacha. Unaweza kushinda kwa karata nzuri, na unaweza kushinda kwa kumtisha mwenzako akaacha wakati wewe huna kitu.

Kwa hiyo ujuzi upo, tusidanganyane. Lakini ujuzi wa poka unaonekana baada ya mikono maelfu, si mkono mmoja. Linganisha na bao. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na kila kitu kiko wazi mbele ya macho yenu wawili. Ukifungwa, umefungwa na akili ya mwenzako. Katika poka unaweza kucheza sawasawa kabisa na bado ukaliwa.

Chukua kalamu. Ukipata ree mbili na mwenzako ana wafalme wawili, wewe una nafasi kama 80 kwa 100 ya kushinda. Nzuri sana! Lakini kwenye mashindano utaweka kila ulichonacho mara nyingi. Ikibidi ushinde mara 5 mfululizo, na kila mara una nafasi hiyo hiyo ya 80 kwa 100, zidisha: 0.8 × 0.8 × 0.8 × 0.8 × 0.8. Jawabu ni kama 0.33. Yaani hata anayecheza vizuri na kupata karata nzuri mara zote tano, safari mbili katika tatu anatolewa.

WALIOTOLEWA HAWAPIGWI PICHA

Mashindano makubwa kuliko yote ya poka hufanyika Las Vegas, Marekani. Yalianza mwaka 1970. Kiingilio cha mchezo wake mkuu ni dola 10,000.

Mwaka 2003 mhasibu mmoja wa Tennessee, Chris Moneymaker, aliingia kwa njia ya mchezo mdogo wa kwenye kompyuta uliomgharimu chini ya dola 100. Walikuwa wachezaji 839. Akashinda dola milioni 2.5. Habari zake zikaenea dunia nzima, na mwaka uliofuata wachezaji walifika 2,576. Kila mmoja alijiona yeye ndiye Moneymaker wa pili. Lakini mshindi wa kwanza ni mmoja tu kila mwaka.

Tazama mwaka 2023. Walijiandikisha 10,043. Mshindi, Mmarekani Daniel Weinman, alichukua dola milioni 12.1. Hiyo ndiyo picha waliyoiona vijana wetu pale barazani. Ambayo hawakuiona ni hii: waliopata chochote walikuwa 1,507. Waliobaki, watu 8,536, waliondoka mikono mitupu. Hiyo ni 85 kwa kila 100, na bado kuna nauli, chakula na pa kulala.

Tena, viingilio vyote vilikuwa zaidi ya dola milioni 100, lakini zilizogawiwa wachezaji ni kama milioni 93. Zilizobaki zilikwenda kwa waandalizi na wafanyakazi wao. Yaani kabla karata ya kwanza haijagawiwa, wachezaji wote kwa pamoja walikwisha pungukiwa na milioni 7. Mwenye meza hacheza, na kila mwaka anakula.

Na kwa wewe wa skuli kuna jambo la mwanzo kabisa: Las Vegas hairuhusiwi kucheza kamari mtu aliye chini ya miaka 21. Tanzania Bara, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inakataza walio chini ya miaka 18. Hapa Unguja, ambako wengi wetu ni Waislamu, tumelelewa tukijua kwamba kamari imekatazwa pamoja na ulevi katika Sura ya 5 ya Kurani, aya ya 90. Ukikamatwa ugenini huna miaka, huna ruhusa na huna ndugu, nani atakusemea?

"NJOO, MENGINE TUTAKUSAIDIA"

Mchezaji wa mpira anayekwenda nje kuiwakilisha timu anapelekwa na chama chake. Kuna viongozi, kuna barua, na wazazi wanajua. Desemba 2017 timu yetu ya Zanzibar Heroes ilifika fainali ya Kombe la Chalenji kule Kenya, na kisiwa kizima kilijua vijana wako wapi na wanarudi lini.

Mtu wa poka anajinunulia nafasi mwenyewe. Hapo ndipo matapeli wanapoingia. Mtu usiyemjua anakuahidi safari, anataka pesa ya kiingilio, halafu pesa ya viza, halafu "kitu kidogo cha mwisho". Ukimaliza kutuma, simu haipokelewi tena. Hao ndio wepesi. Wabaya zaidi wanakulipia wao tiketi, ukifika wanachukua pasi yako, wanakwambia una deni, na unafanyishwa kazi mpaka "ulipe". Hiyo ni biashara ya kusafirisha binadamu, na Tanzania ina sheria dhidi yake tangu mwaka 2008.

Ukiletewa safari yoyote, ya karata, ya kazi au ya masomo, uliza maswali haya matatu:

1. Nani analipa, na yeye anapata nini?
2. Pasi yangu itashikwa na nani?
3. Nikishindwa nitarudi vipi, na nani nyumbani anajua nilipo?

Anayekwambia "usimwambie mtu" amekwisha kukujibu yote matatu.

KWA NINI NI VIGUMU KUACHA?

Pengine unasema: "Mimi nitajaribu mara moja tu." Wengi walisema hivyo. Shida iko ndani ya ubongo.

Unapopata kitu kizuri usichokitarajia, ubongo unatoa kemikali iitwayo dopamini, inayokuhimiza urudie. Ukilipwa kila mara, unazoea. Usipolipwa kabisa, unachoka. Lakini ukilipwa mara moja moja, bila ya kujua ni lini, unaendelea bila kuchoka. Kamari imejengwa hivyo hivyo. Hata kukosa kidogo kunawasha sehemu zile zile za ubongo: ulikosa karata moja, na ubongo unakwambia "karibu, rudia!"

Na sehemu ya ubongo inayotuzuia na kutufikirisha matokeo haikomai mpaka mtu anapita miaka 20. Kijana wa miaka 16 ana gari lenye moto mkali na breki changa. Si ujinga, ni umri.

Shirika la Afya Duniani limeitia kamari iliyomshinda mtu nguvu katika orodha yake ya maradhi, pamoja na ulevi wa pombe na dawa za kulevya. Orodha hiyo ilianza kutumika mwaka 2022. Kwa hiyo aliyenaswa si mtu mbaya asiye na adabu. Ni mgonjwa, na mgonjwa hutibiwa.

DALILI ZA HATARI

- Unaongeza dau kila siku ili upate raha ile ile.
- Umeliwa, na unacheza tena ili urudishe ulichopoteza.
- Unakosa usingizi, darasani unasinzia, alama zinashuka.
- Unauza vitu, unakopa, au unachukua pesa za nyumbani.
- Ukikatazwa simu unakuwa mkali au unatetemeka.
- Huna hamu tena ya mpira, ya bahari, wala ya marafiki.

Madaktari wana maswali mawili mafupi ya kuanzia. Je, umewahi kuona lazima uongeze pesa unazochezea? Je, umewahi kuwadanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachocheza? Ukijibu "ndiyo" hata kwa moja, zungumza na mtu.

"Lakini mimi nachezea pesa za bandia za kwenye simu!" Afadhali, lakini angalia. Pesa za bandia haziumi zikipotea, kwa hiyo unazoea kuthubutu. Siku ukihamia kwenye pesa za kweli, mkono umekwisha zoea.

NIMEKWISHA NASWA. NIFANYE NINI?

Kwanza, sema. Mchague mtu mzima mmoja unayemwamini: mama, shangazi, ami, mwalimu. Deni linalojulikana ni dogo kuliko deni lililofichwa, kwa sababu lililofichwa linakufanya ucheze tena ili ulilipe.

Pili, ondoa njia. Futa programu hiyo kwenye simu. Mpe mtu mwingine simu yako usiku. Usikope ili kulipa deni la kamari.

Tatu, tafuta msaada. Simu ya msaada kwa watoto, namba 116, hupigwa bure. Hapa Unguja ipo Hospitali ya Akili ya Kidongo Chekundu. Usiogope jina lake; kwenda pale si kusema kwamba una wazimu. Tiba kubwa ya kamari ni mazungumzo: unafundishwa kuzijua fikra zinazokuvuta na namna ya kuzikatiza. Vipo pia vikundi vya kusaidiana vya wacheza kamari, ambavyo vilianza Marekani mwaka 1957. Wanafuata zile hatua 12 ambazo nyumba za kupata nafuu za hapa Unguja zinazitumia kwa walioacha dawa za kulevya.

Na kama deni au aibu imekufikisha kuona bora ufe, usingoje kesho. Mwambie mtu sasa hivi, aliye karibu yako. Fikra hizo huja kwa wengi waliofikwa na kamari, na hupita wanaposaidiwa.

TURUDI BARAZANI

Kijana wetu alisimama mbele ya sanduku la mama yake, ufunguo mkononi. Zile pesa za upatu zilikuwa za ada ya mtihani ya mdogo wake na mabati ya jikoni. Mama alingojea zamu hiyo miezi kumi.

Tunaweza kuimaliza hadithi hii tunavyotaka, kwa sababu tumeitunga sisi. Ya kwako utaimaliza mwenyewe. Ila kama nawe unashika ufunguo usio wako, urudishe, halafu kaa na mama umwambie ulifikiria nini. Atakasirika. Huenda akalia. Lakini mtakuwa wawili.

ZUNGUMZENI DARASANI

1. Kwa nini tunamjua aliyeshinda na hatuwajui waliotolewa? Toeni mifano mingine nje ya karata.
2. Ukiwa na nafasi 70 kwa 100 kila mara, nafasi yako ya kushinda mara 4 mfululizo ni ngapi?
3. Rafiki yako amekuomba umkopeshe pesa "arudishe alizoliwa". Utamjibu nini ili usimkopeshe wala usimpoteze?