Misuko ya asili: Kinga ya nywele na kiungo cha Mwafrika na jadi yake

ASUBUHI na mapema katika soko la Kenyatta jijini Nairobi, wasusi huwa tayari wamejipanga kwenye vibanda vyao wakiwakaribisha wateja. Si ajabu kumwona mteja mmoja akiwa amezungukwa na wasusi wawili au watatu kwa wakati mmoja, kila mmoja akishughulikia upande wake wa kichwa, ili kazi ambayo ingechukua kutwa nzima imalizike kwa saa chache.

Miongoni mwa wanawake wanaoketi kwenye viti hivyo, wamo walioamua kuachana kabisa na dawa za kunyoosha nywele na kuzirejelea nywele walizozaliwa nazo. Kwao, msuko ni njia ya kuzipumzisha nywele hizo zipate kurefuka. Aidha, ni tangazo kwamba nywele za kipilipili si kasoro inayohitaji kurekebishwa.

Hata hivyo, msuko ule ule unaosifiwa kwa kukinga nywele unaweza kuziangamiza ukifanywa pasipo maarifa. Isitoshe, swali la namna Mwafrika anavyoruhusiwa kuziweka nywele zake limewahi kufikishwa hadi Mahakama Kuu humu nchini. Ndiposa ni muhimu kufahamu misuko hii hufanya kazi vipi, ilitoka wapi, na ni wakati gani inapogeuka kuwa hatari.

KWA NINI KIPILIPILI HUHITAJI KINGA

Kila unywele huota kutoka kwenye kitundu kidogo kilichomo ndani ya ngozi. Kwa mtu mwenye nywele za singa, kitundu hicho huwa kimenyooka. Kwa mwenye nywele za kipilipili, kitundu huwa kimepinda, na unywele wenyewe ukikatwa na kutazamwa kwa hadubini huonekana kuwa bapa kiasi, mfano wa yai. Hiyo ndiyo sababu unywele huo hujiviringa tangu unapochomoza.

Umbo hilo lina matokeo mawili. Kwanza, mafuta yanayotolewa na ngozi ya kichwa hupata taabu kuteremka kwenye unywele uliojipindapinda, hivyo ncha zake hukauka upesi. Pili, kila pindo ni mahali dhaifu ambapo unywele unaweza kukatika unapochanwa kwa nguvu, hasa ukiwa mkavu.

Fauka ya hayo, kuna suala la kasi ya ukuaji. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2001 katika jarida la Uingereza la madaktari wa ngozi ulibaini kwamba nywele za Waafrika waliopimwa zilirefuka kwa wastani wa takriban robo ya milimita kwa siku, ilhali za watu wa asili ya Ulaya zilirefuka kwa takriban milimita 0.4. Hiyo ina maana kwamba kwa mwezi mmoja, nywele za Mwafrika huongezeka kwa kiasi kisichofika sentimita moja.

Ukiunganisha mambo hayo, utaelewa malalamiko ya wanawake wengi kwamba nywele zao “hazikui”. Ukweli ni kwamba hukua kila siku, ila hukatika nchani kwa kasi iyo hiyo. Anayetaka urefu hana budi kupunguza ukatikaji.

Hapo ndipo misuko inapofaa. Msuko wa kukinga ni ule unaozificha ncha za nywele, unaopunguza haja ya kuzichana kila uchao, na unaoziepusha na moto. Matuta yaliyosukwa kufuata ngozi ya kichwa, misokoto ya nyuzi mbili, vifundo vidogo vidogo na dredi zote zimo katika kundi hili. Pia zimo nywele za uzi, mtindo ambao wengi wanaukumbuka kutoka kwa mama na nyanya zao, ambapo fungu la nywele huzungushiwa uzi kutoka shinani hadi nchani. Uzi huo hunyoosha nywele bila moto wala kemikali yoyote.

LUGHA NA HISTORIA NI MASHAHIDI

Sanaa hii haikuletwa na meli. Lugha yenyewe ya Kiswahili ni shahidi, kwani imehifadhi msamiati mpana wa nywele: kusuka na kusonga, msusi na ususi, shungi, na hata denge, yaani unyoaji wa kuacha kishungi cha nywele kichwani. Upo pia msuko sahili wa matuta makubwa uitwao “twende kilioni”, jina linalomwambia msikilizaji kwamba huo ni msuko wa haraka wa mtu anayewahi matanga.

Miongoni mwa Wamaasai, nywele hueleza rika. Morani hufuga nywele ndefu, akazisuka na kuzipaka mafuta yaliyochanganywa na udongo mwekundu. Wakati wa sherehe ya Eunoto, inayomvusha kutoka ujana wa umorani, mama yake ndiye humnyoa. Nywele zinazoanguka siku hiyo ni alama ya hatua ya maisha iliyofika kikomo.

Kwingineko barani, mpigapicha wa Nigeria J.D. 'Okhai Ojeikere alianza mnamo 1968 kupiga picha za misuko ya wanawake wa nchi yake, na hadi alipofariki mwaka wa 2014 alikuwa ameacha hazina kubwa ya picha hizo. Nyingi zilipigwa kutoka kisogoni, kana kwamba kichwa ni sanamu iliyochongwa.

Nchini Kenya, nywele zilikuwa pia alama ya vita vya ukombozi. Wapiganaji wa Mau Mau walioishi misituni walifuga nywele zikasokotana zenyewe. Picha ya Dedan Kimathi akiwa amelala chini kwa pingu baada ya kukamatwa Oktoba 1956 inamwonyesha akiwa na nywele hizo. Alinyongwa katika gereza la Kamiti mnamo Februari 18, 1957. Wapo wanahistoria wanaoona kwamba picha za wapiganaji hao zilizosambaa ughaibuni ziliwachochea baadhi ya wafuasi wa imani ya Rastafari nchini Jamaica kufuga nywele zao.

Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepanda hadi cheo cha Field Marshal katika jeshi la Mau Mau, alikataa kuzinyoa zake hata baada ya uhuru kupatikana. Alizifuga kwa takriban miaka 70. Mnamo Aprili 2022, huko Nyeri, hatimaye alinyolewa na Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wa kwanza wa taifa hili. Aliaga dunia Septemba 2023.

DAWA ZA KUNYOOSHA

Iweje basi watu wenye jadi kama hiyo wakazionea haya nywele zao? Sehemu ya jibu imo katika historia ya ukoloni, uliowafundisha Waafrika kwamba unadhifu ni nywele fupi zilizonyolewa au ndefu zilizonyooka. Baadaye kitana cha chuma kilichopashwa moto kiliingia majumbani, kikafuatwa na dawa za kemikali. Katika miaka ya themanini, kalikiti ilivuma mijini kote Afrika Mashariki.

Dawa kali za kunyoosha huwa na kipimo cha pH cha kati ya 12 na 14, ilhali ngozi ya kichwa huwa kwenye takriban 5.5. Dawa hizo huvunja vifungo vya salfa vinavyoupa unywele umbo lake, na vifungo hivyo havirudi tena. Kwa kuwa unywele mpya huota ukiwa wa kipilipili, mahali unapokutana na ule ulionyooshwa huwa pepesi wa kukatika. Mtumiaji hulazimika kurudia dawa kila baada ya wiki kadhaa, na asipokuwa mwangalifu huiunguza ngozi.

Wasiwasi uliongezeka Oktoba 2022, pale watafiti wa taasisi za kitaifa za afya za Marekani walipochapisha matokeo ya uchunguzi wa wanawake 33,497 waliofuatiliwa kwa karibu miaka 11. Walikadiria kwamba miongoni mwa wanawake ambao hawakuwa wametumia bidhaa za kunyoosha nywele, asilimia 1.64 wangepata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70. Kwa wale waliozitumia mara kwa mara, yaani zaidi ya mara nne katika mwaka uliotangulia uchunguzi, kiwango kilipanda hadi asilimia 4.05.

Matokeo hayo yafaa kusomwa kwa uangalifu. Yanaonyesha uhusiano, lakini hayathibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha saratani. Vilevile, hata kwa watumiaji wa mara kwa mara, walio wengi hawakutarajiwa kuugua. Hata hivyo, yaliwapa wanawake wengi sababu ya kutafakari upya.

MSUKO UNAPOGEUKA BALAA

Lakini mwenye kuikimbia dawa asije akaangukia mikononi mwa msuko mbaya. Nywele zinapovutwa kwa nguvu kwa muda mrefu, vitundu vyake huvimba, kisha hudhoofika, na mwishowe hufunikwa na kovu. Ndipo paji la uso linapoanza kupanuka, nywele za kandokando ya masikio zikipungua mwaka baada ya mwaka.

Maradhi haya hayabagui rangi. Miongoni mwa maelezo yake ya awali ni yale yaliyoandikwa mwaka wa 1907 kuhusu wanawake wa Greenland waliofunga nywele zao kwa kuzikaza mno. Hata hivyo, leo huwaathiri zaidi wanawake wa asili ya Kiafrika. Utafiti uliofanywa Cape Town, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka wa 2007 uliyabaini kwa takriban thuluthi moja ya wanawake waliochunguzwa. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba hatari huwa kubwa zaidi pale nywele zilizotiwa dawa zinaposukwa, kwani hapo nywele hudhoofishwa mara mbili.

Msuko haupaswi kuuma. Imani kwamba maumivu ni gharama ya urembo, na kwamba mtu akisukwa ni sharti alale na dawa ya kutuliza maumivu, ni ya kutupiliwa mbali. Vipele vidogo vikitokea penye mashina ya nywele, au ngozi ya paji ikivutika hadi nyusi zikapanda, msuko huo unafaa kulegezwa au kufumuliwa mara moja.

Nywele za bandia zikiwa nzito au ndefu kupita kiasi, mzigo wote huning'inia kwenye mashina, hasa zinapofungwa juu kama shungi. Kwa mtoto, heri matuta mepesi ya nywele zake mwenyewe. Kabla ya kusukwa, nywele zioshwe, zipakwe mafuta na zichanwe kwa chanuo lenye meno mapana kuanzia nchani kwenda shinani. Msuko wa matuta au wa kuunganishiwa nywele usikae zaidi ya wiki sita hadi nane, na katika muda huo ngozi ya kichwa iendelee kuoshwa. Usiku, kitambaa cha hariri au satini huzuia nywele zisisuguane na mto. Baada ya kufumua, kichwa kipewe mapumziko kabla ya msuko mwingine.

Atakayeona nywele zikiyoyoma kwenye paji amwone daktari wa ngozi mapema. Kabla kovu halijatokea, nywele huweza kuota tena. Likishatokea, hakuna mafuta ya dukani yatakayozirejesha.

NYWELE MBELE YA SHERIA

Suala hili lina upande wa haki pia. Januari 2019, msichana aliyejiunga na Kidato cha Kwanza katika shule moja ya umma jijini Nairobi alirudishwa nyumbani kwa sababu ya dredi zake. Familia yake, ambayo ni ya imani ya Rastafari, ilielekea kortini. Septemba 13 mwaka huo, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba Rastafari ni dini kama dini nyingine, na kwamba kumfukuza mwanafunzi huyo kulikiuka haki zake za imani na elimu. Uamuzi wa mkondo huo ulitolewa pia Ghana mwaka wa 2021 na Malawi mwaka wa 2023.

Ikumbukwe kwamba uamuzi wa Nairobi ulijikita katika uhuru wa kuabudu. Haukumpa kila mwanafunzi idhini ya kufuga nywele atakavyo. Wanaotetea kanuni za nywele fupi shuleni husema kwamba zinaleta usawa kati ya mtoto wa tajiri na wa maskini, na huokoa muda wa masomo. Hoja hiyo ina uzito wake. Wanaoipinga nao hushangaa ni kwa nini unywele unaoota kichwani mwa mtoto uhesabiwe kuwa utovu wa nidhamu. Jimbo la California nchini Marekani lilipitisha mwaka wa 2019 sheria inayokataza ubaguzi kazini na shuleni kwa misingi ya nywele za asili na misuko yake.

Hata umaarufu haumkingi mtu. Novemba 2017, mwigizaji Mkenya Lupita Nyong'o alilalamika hadharani baada ya jarida moja la Uingereza kuchapisha picha yake ikiwa imefutwa sehemu ya nywele zake za asili na nyingine kulainishwa. Mpigapicha na jarida hilo waliomba radhi.

Hayo yote hayamaanishi kwamba mwanamke anayenyoosha nywele zake ameusaliti Uafrika wake. Kichwa ni chake, na uamuzi ni wake. Linalohitajika ni kwamba auamue akijua anachokipaka na sababu ya kukipaka.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Lakini mila ya ususi haikuwa umbo la msuko peke yake. Ilikuwa pia maarifa ya mkono mwepesi, mafuta ya nazi, na subira ya mama aliyemkalisha bintiye kati ya magoti yake jioni akamsuka taratibu, akilegeza kila alipomsikia akiguna. Anayetaka kuirejelea jadi hiyo na aanze hapo: msuko ukiuma, amwambie msusi alegeze.