KIJIJI CHA WADACHI CHINI YA MLIMA MERU

Wasomaji wetu wapitao njia ya Arusha na Moshi wapajua Leganga, karibu na mto Usa. Lakini ni wachache wajuao ya kwamba enzi za Wadachi mahali hapo paliitwa Leudorf. Kwa Kidachi neno Dorf maana yake ni kijiji; na nusu ya kwanza ya jina hilo yatoka kwa August Leue, ofisa wa Kidachi aliyepata kutumika katika nchi hii, kisha akashikilia sana shauri la kuleta wakulima wa Ulaya wakae huku milimani. Habari za kijiji hicho twaona zafaa kuelezwa, maana kilidumu muda mfupi, walakini matokeo yake yalidumu muda mrefu.

Kwanza yafaa tujue jinsi nchi ilivyopatikana. Katika mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari wawili, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri, na Wadachi wakaleta vita vya kulipiza kisasi. Mwaka 1900 Mangi Meli wa Moshi alinyongwa pamoja na wakuu wengine, wakiwamo wa Meru na Arusha. Siku zizo hizo boma la Arusha lilikuwa likijengwa. Baada ya hayo Serikali ya Wadachi ilianza kugawa ardhi ya chini ya mlima kwa wageni. Makaburu walifika mwaka 1904 na 1905, baada ya kushindwa na Waingereza katika vita vya Afrika ya Kusini.

Wenyeji wa Leudorf walikuja kutoka Urusi, nao hawakuwa Warusi. Babu zao walikuwa Wadachi walioitwa na Malkia Katarina mwaka 1763 waende kulima nchi ya Urusi, wakapewa ahadi ya kutoingizwa katika jeshi. Ahadi hiyo iliondolewa mwaka 1874, na mwaka 1905 nchi ya Urusi ikaingiwa na fitina na maasi. Basi wengi wao walitafuta makao mapya. Katika mwaka 1906 baadhi yao waliletwa Leganga, wakapewa viwanja, na mashamba yakapimwa.

Ardhi ilikuwa njema na maji yalikuwapo. Je, mbona kijiji hakikusimama? Sababu zaonekana waziwazi kwa kila mkulima. Watu hao walizoea kulima nafaka katika nyanda za baridi, nao hawakuwa na fedha nyingi mkononi. Mwaka 1905 reli ya Tanga ilikuwa imefika Mombo tu. Moshi haikufika mpaka mwaka 1911. Basi fikirini gunia la ngano litakavyofika pwani. Mpagazi mmoja huchukua mzigo wa ratili 60 hivi, tena yampasa kula kila siku njiani. Kabla ya kufika relini gharama imekwisha kuila bei yote. Mtu angeweza kupanda kahawa, ambayo thamani yake yastahimili safari ndefu. Lakini mti wa kahawa hungojewa miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa vema, na mwenye watoto wenye njaa hawezi kungoja hivyo bila akiba. Ndipo wengi wakayaacha mashamba, na shauri la kijiji likavunjika katika miaka michache.

Hapa ndipo penye jambo kubwa la kukumbukwa. Walowezi waliondoka, lakini ardhi haikurudi. Mashamba yaliyokwisha kupimwa yalibaki katika daftari za Serikali, yakapita kwa wenye mashamba wengine. Majeshi ya Waingereza yaliiteka Arusha mwezi wa Machi 1916; Wadachi wakafukuzwa, na mashamba yao yakauzwa kwa Waingereza, Wayunani na wengineo. Mwaka 1925 Wadachi waliruhusiwa kurudi, na mwaka 1939 vita vilipoanza tena wakatiwa kizuizini. Mwenye shamba alibadilika mara nyingi. Mpaka wa shamba haukubadilika.

Kwa Wameru mpaka huo ulikuwa kama mshipi uliofungwa kiunoni mwa mlima. Juu walikaa katika migomba yao, na juu zaidi palikuwa na msitu wa Serikali. Chini walikuwa na malisho ya ng'ombe na mahali pa kulima mahindi na maharagwe. Mashamba ya wageni yalisimama katikati, na watu walikuwa wakizidi kila mwaka. Mwaka 1951 watu wapata 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, na nyumba zao zikachomwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York, akalisemea jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Kijiji cha Leudorf kilifanyiwa shauri mbali sana na mlima. Mkulima aliyetoka Urusi hakuelezwa umbali wa soko, na Mmeru mwenye kuijua nchi hakuulizwa neno. Mmoja alipoteza kazi yake, na mwingine alipoteza ardhi ya wajukuu wake.

Kwa hiyo twawasihi wakuu wa vijiji na walimu waandike habari za mahali pao: jina la zamani, nani alilima wapi, njia ya mifugo ilipita wapi, na mpaka uliwekwa mwaka gani. Wazee wajuao hayo wanapungua. Na likija shauri la kugawa ardhi, mwulize kwanza habari za soko, za njia, za maji, na za watu watakaokatwa na mpaka huo; maana mpaka ukiisha kuandikwa, kuufuta ni kazi ya vizazi.