Udongo wa Kinamasi: Uutazame Kabla Hujachimba Mtaro

Mkulima wa skimu aliyepata shamba kando ya mto mara nyingi hukuta kwamba sehemu moja ya ekari zake ni kinamasi. Mafunjo yameota humo, udongo ni mweusi, na hata wakati wa kiangazi majani hayakauki. Akiuona weusi huo hufikiri amepata mali. Hukopa pesa, akanunua mbegu za mahindi na mbolea, akachimba mtaro, akapanda. Mvua ikinyesha juma moja mfululizo mahindi hugeuka manjano, na deni hubaki pale pale.

Weusi wa udongo peke yake si dalili ya rutuba. Udongo wa kinamasi una dalili zake nyingine, na mtu mwenye jembe aweza kuzisoma mwenyewe kabla hajatumia hata shilingi moja.

MTO NDIO ULIOTANDAZA UDONGO HUU

Fikiri juu ya mto kama Nzoia, Yala au Nyando unapofika nchi tambarare karibu na Ziwa Victoria. Mto ukifurika, maji yanayotoka nje ya kingo hupunguza mwendo mara moja. Mchanga ni mzito, basi hutua kwanza, karibu na mto. Udongo laini huendelea kuchukuliwa mpaka mahali maji yanaposimama, na huko hutua polepole. Kwa sababu hiyo ukingo wa mto huwa umeinuka kidogo na udongo wake una mchanga, lakini nchi iliyo nyuma yake huwa chini zaidi, na udongo wake ni mfinyanzi mzito. Maji yakiisha kuingia huko nyuma hayana njia ya kurudi mtoni, na mfinyanzi hauyaruhusu kuzama upesi. Hapo ndipo kinamasi kinapoanza.

Kwa hiyo shamba moja la ekari chache laweza kuwa na udongo wa namna mbili au tatu, na kila namna yataka kazi yake.

MAJI YAKIIFUKUZA HEWA

Mizizi hupumua. Katika udongo mzuri kuna nafasi ndogo ndogo zenye hewa. Maji yakizijaza, hewa hutoka, na hewa mpya haiingii kwa urahisi, maana oksijeni hupenya ndani ya maji polepole karibu mara 10,000 kuliko inavyopita hewani. Viumbe vidogo vya udongoni, visivyoonekana kwa macho, humaliza oksijeni iliyobaki kwa siku chache tu. Baada ya hapo hutokea mambo matatu.

Kwanza, mizizi ya mahindi na maharagwe huanza kufa. Mpunga, nduma na mafunjo hustahimili kwa sababu ndani yake mna vijia vya kupeleka hewa mpaka mizizini.

Pili, mbolea hupotea. Viumbe vile vikikosa hewa huchukua oksijeni iliyofungwa ndani ya mbolea kama CAN, nayo naitrojeni hugeuka mvuke ikaenda zake angani. Hii ni sababu moja ya majani ya mahindi kuwa manjano. Kuongeza mbolea kabla maji hayajatoka ni kutupa pesa.

Tatu, rangi ya udongo hubadilika. Chuma ndicho kinachoupa udongo rangi nyekundu au kahawia. Kikikosa hewa hupoteza rangi hiyo, huyeyuka na kuchukuliwa na maji, na udongo hubaki wa kijivu. Mahali hewa inapopenya kidogo, kama katika tundu la mzizi, chuma hushika kutu tena na kuacha madoadoa. Basi rangi hizo ni kama daftari la maji, na daftari hilo halifutiki wakati wa kiangazi.

CHIMBA MASHIMO MATATU

Wakati wa kiangazi chimba mashimo matatu ya kina cha futi tatu: moja upande wa mto, moja katikati, na moja ndani ya kinamasi. Tazama kuta za kila shimo tangu juu mpaka chini.

1. Udongo wa kahawia au mwekundu mpaka chini. Maji hupita vizuri. Hapa panda mahindi na maharagwe bila hofu.

2. Kahawia juu, na madoadoa ya kutu kuanzia futi moja au mbili. Maji hufika hapo wakati wa masika, hata kama leo shimo ni kavu kabisa. Ukitaka kupanda mahindi, inua matuta mapana na kuacha mifereji midogo katikati ili maji yatoke. Gawanya mbolea yako. Usiitie yote kwa siku moja.

3. Kijivu au kibuluu tangu karibu na juu, nao wanata. Maji husimama hapo muda mwingi wa mwaka. Weka donge moja hewani. Likianza kugeuka kahawia, udongo huo ulikuwa umekosa hewa. Usipigane nao kwa mahindi. Ni mahali pa mpunga au nduma, na kiangazi pengine mboga juu ya matuta. Katika mpunga tumia yuria au salfeti ya amonia, uichanganye na tope, usitumie CAN.

4. Mweusi, mwepesi, kama sponji, na vipande vya mafunjo vyaonekana ndani yake. Huu ni mrundiko wa majani yaliyokufa yasioze, kwa sababu viumbe vya kuozesha hukosa hewa. Huu ndio udongo wa kuogopwa kuliko yote.

Usiuchanganye huu wa nne na udongo mweusi wa nchi ya Kano, ambao hupasuka nyufa pana wakati wa jua na kuvimba wakati wa mvua. Ule ni mfinyanzi. Ukishika donge lake utaona uzito wake.

HATARI ZA KUKAUSHA

Ukichimba mtaro wa kina katika udongo wa mafunjo, maji hutoka na hewa huingia. Yale majani yaliyokaa miaka mingi bila kuoza sasa huanza kuoza, na ardhi yenyewe hushuka. Katika Malaysia na Indonesia, ambako nchi za namna hii zimekaushwa kwa mashamba makubwa, kushuka huko kumepimwa kuwa kama inchi 2 kwa mwaka. Shamba likishuka, mafuriko hulifikia upesi zaidi kuliko kwanza. Wala usiwashe moto humo, maana waweza kuendelea kuwaka chini kwa chini kwa majuma mengi.

Hatari nyingine ni asidi. Ikiwa shimo lako lina harufu ya mayai yaliyooza, huenda udongo una salfa nyingi. Ikiwa chini ya maji haina madhara makubwa, lakini ikipata hewa yaweza kugeuka asidi kali isiyoruhusu mmea kuota. Jambo hili lilionekana Kigezi, Uganda, katika baadhi ya mabonde ya mafunjo yaliyokaushwa katikati ya karne ya 20. Kwa hiyo pimisha udongo huo mara mbili: mara ya kwanza ukiwa mbichi, na mara ya pili baada ya kukaa hewani majuma kadhaa ukiwa na unyevu kidogo. Kipimo cha pH kikiteremka chini ya 4, uache udongo huo chini ya maji yake. Maabara ya KALRO yaliyoko Kabete hupima udongo, na Afisa wa Kilimo wa wadi yako atakuonyesha namna ya kuuchukua na kuupeleka.

SHERIA, NA KAZI YA MAFUNJO

Kukausha kinamasi bila idhini ni kosa kwa Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999. Tena kanuni za mwaka 2009 zahifadhi ukanda wa kando ya mto, usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kutoka mahali maji yanapofika yakijaa kabisa. Uliza ofisi ya NEMA ya kaunti yako kabla ya kazi, si baada yake.

Mafunjo, ambayo Wajaluo huyaita togo, si magugu ya bure. Hupunguza mwendo wa mafuriko, hushika udongo unaotoka milimani, na hutoa mikeka na kamba za kuuza. Kati ya mwaka 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2. Mwaka 2020 lilipanda tena, na mafuriko ya mwaka huo yaliwahamisha watu wengi wa Budalangi na Nyando. Maji hurudi mahali pake, na mwenye shamba aliyeyaachia mafunjo sehemu yake hupoteza kidogo.

KAZI YA KUFANYA SASA

Kabla hujatia sahihi karatasi ya mkopo, chimba mashimo yako matatu. Pima kwa kamba ni futi ngapi kutoka juu mpaka dalili ya kwanza ya kutu au kijivu, uandike. Chora shamba lako kwenye karatasi na uonyeshe kila udongo mahali pake, kisha mwite Afisa wa Kilimo atazame pamoja nawe mashimo yangali wazi. Omba mkopo wa mahindi kwa ekari za mahindi tu, wala usihesabu ekari za kinamasi ndani yake. Mkiisha kutazama, yafukie mashimo yote siku ile ile, mtoto au ndama asije akatumbukia.