Tasa ya Euler: 2,147,483,647

Namba 2,147,483,647 ni tasa: haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Ni sawa na 2³¹ − 1. Tasa za umbo hili huitwa tasa za Mersenne, kwa jina la mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne, aliyechapisha orodha yake mwaka 1644. Kipeo sharti nacho kiwe tasa, lakini hilo halitoshi: 11 ni tasa, ilhali 2¹¹ − 1, yaani 2,047, ni 23 mara 89. Mersenne mwenyewe aliteleza, akaingiza 67 na 257 zisizostahili na kuiacha 61. Kuhusu 31 alipatia, ingawa uthibitisho hakutoa.

Uthibitisho ulitoka kwa Leonhard Euler mwaka 1772, akiwa St. Petersburg, macho yake yameshapofuka karibu kabisa. Njia ya kawaida ni kuijaribu namba kwa kila tasa isiyozidi kipeuo chake cha pili, ambacho hapa ni 46,340 na ushei. Tasa za kujaribu zingekuwa karibu 4,800. Euler alizichuja kwanza. Kigawo chochote tasa cha 2³¹ − 1 lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 62, na kikigawanywa kwa 8 kibakize 1 au 7. Ukiyaunganisha masharti hayo, kikigawanywa kwa 248 lazima kibakize 1 au 63. Tasa za namna hiyo hazifiki mia, na hakuna hata moja iliyoigawa.

Kwa zaidi ya nusu karne haikujulikana tasa iliyo kubwa zaidi. Ukiizidisha kwa 2³⁰ unapata namba kamilifu, yaani iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo chini yake, kama 6 ilivyo 1 + 2 + 3. Namba hiyo ni 2,305,843,008,139,952,128. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hakuna namba kamilifu kubwa zaidi itakayogunduliwa, kwa kuwa hazina faida na hakuna atakayejisumbua. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kuwa 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa.

Faida nayo ilipatikana kwingine. Kwa tarakimu za kompyuta, 0 na 1, tasa ya Euler ni 1 thelathini na moja mfululizo, nayo ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoingia katika nafasi ya biti 32 ikiwa biti moja imetengwa kwa alama ya chanya au hasi. Mifumo inayohesabu sekunde tangu Januari 1, 1970 katika nafasi hiyo itafika ukomo Januari 19, 2038, saa 12:14 asubuhi kwa Afrika Mashariki. Hapo utasa hauhusiki; ni ukubwa tu.

Tasa 5 huzaa 31, na 31 huzaa tasa ya Euler. Je, nayo ikiwa kipeo? Matokeo yana tarakimu zaidi ya milioni 646, lakini si tasa: hugawanyika kwa 295,257,526,626,031.