Sivi jointi iliyochoka: dalili zake na namna ya kuipima

Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, kama Toyota Vitz, lina shafti mbili zinazotoka kwenye giaboksi hadi kwenye magurudumu hayo. Kila shafti ina viungo viwili, ambavyo ndivyo sivi jointi. Cha ndani, upande wa giaboksi, aghalabu kina roli tatu zinazoteleza ili shafti irefuke na kufupika gari linapopita kwenye mashimo. Cha nje, karibu na gurudumu, huwa na gololi sita ndani ya kizimba, na huweza kupinda kiasi cha nyuzi 45 huku kikizunguka bila kukwama. Muundo huo wa gololi ni wa mhandisi Alfred Rzeppa, aliyeubuni Marekani katika miaka ya 1920. Mini ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1959, ilichangia sana kuueneza kwenye magari madogo.

Uharibifu mara nyingi huanzia kwenye buti, ile raba yenye mikunjo inayohifadhi grisi. Ikipasuka, grisi hurushwa nje na mchanga na maji huingia. Kwa hiyo uchunguzi huanza kwa macho: usukani hukatwa hadi mwisho, kisha buti la nje huangaliwa kwa tochi, mkunjo mmoja mmoja. Grisi nyeusi iliyorukia upande wa ndani wa rimu ni ushahidi mzito. Mpasuko ukionekana kabla kelele haijaanza, huenda kusafisha kiungo, kutia grisi yake maalumu na kufunga buti jipya kukatosha. Kelele ikishaanza, grisi mpya haiponyi chuma kilicholika.

Kiungo cha nje hulia "ka-ka-ka" gari linapokata kona huku likivuta. Kipimo chake hufanyika kwenye uwanja mtupu: usukani hukatwa hadi mwisho, gari huzungushwa taratibu kulia, kisha kushoto, mafuta yakikanyagwa kidogo. Mara nyingi kinacholia ni cha gurudumu lililo upande wa nje wa kona, ingawa si kila mara.

Kiungo cha ndani ni kigumu zaidi kukibaini, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Dalili yake kubwa ni gari kutetemeka likivuta hata kwenye barabara iliyonyooka, hasa mlimani, na kutulia mguu unapoondolewa kwenye mafuta. Mtetemo usiobadilika kwa mafuta unaelekeza zaidi kwenye balansi ya magurudumu. Mvumo unaopanda na mwendo huwa wa beringi. Kishindo kimoja kizito gia inapoingia kinaweza kutoka kwenye maunti za injini, na kugonga kwenye matuta pekee huwa ni suala la bol jointi au bushi. Fundi anayeambiwa tu "mbele kuna kelele" hana budi kuuliza inatokea lini kabla hajafungua nati hata moja.

Gari likishapandishwa na kuegemezwa kwenye stendi (jeki peke yake haitoshi), shafti hushikwa kwa mkono na kusokotwa huku na huku. Nafasi ndogo ni ya kawaida, na kiungo cha ndani kimeundwa kuingia na kutoka. Kinachotafutwa ni ulegevu unaogonga, au tofauti ya wazi kati ya kulia na kushoto.

Ikibidi shafti ibadilishwe, mpya hulinganishwa na ya zamani kabla ya kufungwa: urefu, idadi ya meno, na ringi ya ABS kama ipo. Oili sili ya giaboksi hukaguliwa wakati huohuo, maana kuchomoa shafti huweza kuichana.