Lori linakunywa dizeli? Pima kwanza kabla ya kumfuta dereva

UKIZOEA kukaa Marikiti, Gikomba au mahali popote Canter za kukodi huegeshwa zikingoja mzigo, ugomvi huu umeusikia. Mwenye gari anadai dereva ananyonya dizeli na kuiuza. Dereva anaapa kwa jina la mamake kwamba ni gari linalokula. Fundi naye akiitwa anatikisa kichwa na kusema pampu imekwisha. Dereva anafutwa, pampu inafunguliwa, pesa zinatoka, na mwezi unaofuata mafuta yanaisha vile vile.

Kati ya hao watatu hakuna aliyepima.

Vijana wengi mjini wanaingia biashara ya uchukuzi kwa kuchanga: chama kidogo, mkopo wa sako, au marafiki wawili watatu wanaonunua Canter ya namba za KA kwa sababu mpya haishikiki. Sheria hairuhusu gari lililotumika kuingizwa Kenya likiwa na zaidi ya miaka minane, kwa hivyo lori kuukuu unalonunua leo limezeekea hapa hapa. Limepita kwa wenyewe wengi, na kila fundi aliyeligusa aliacha alama yake. Ndiyo maana mara nyingi shida ya mafuta si uzee wa injini. Ni kitu ambacho mtu alikitoa, akakikaza au akakilegeza miaka iliyopita, na hakuna aliyekirudisha.

Hesabu yake inauma. Chukulia lori lako linatembea kilomita 160 kwa siku. Likienda kilomita nane kwa lita, litakunywa lita 20. Likishuka hadi kilomita sita kwa lita, litakunywa karibu lita 27. Tuseme dizeli ni Sh180 kwa lita ili hesabu iwe rahisi: hapo umepoteza takriban Sh1,200 kwa siku. Ukifanya kazi siku 25, Sh30,000 zimetoka kwa ekzosi. Kwa wengi hiyo ni awamu nzima ya mkopo.

Sasa, tatizo la kwanza ni kwamba Nairobi tunanunua mafuta kwa shilingi, si kwa lita. "Weka ya elfu tatu." Halafu EPRA inatangaza bei mpya tarehe 14 ya mwezi, bei inapanda, na ile elfu tatu inanunua lita chache kuliko jana. Septemba 2023, dizeli ilipovuka Sh200 jijini, madereva wengi waliitwa wezi ilhali elfu tatu zao zilikuwa zimepungua zenyewe kwenye pampu ya petroli steji. Mwenye gari anayeandika shilingi pekee kwenye daftari lake hajui lori lake linakula nini.

Kupima kwenyewe ni rahisi. Jaza tangi mpaka bomba lijikate mara ya kwanza, usiongeze. Andika kilomita. Fanya kazi kama kawaida siku mbili tatu, kisha rudi steji ile ile, pampu ile ile ikiwezekana, lori likiwa limesimama pahali palipo sawa, ujaze tena mpaka lijikate. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Rudia mara tatu kwa sababu safari moja hudanganya. Siku ya jam ya Jogoo Road si sawa na siku ya kwenda Nyeri. Geji ya mafuta isahau kabisa. Kwenye lori la umri huo sindano yake ni pambo tu.

Na mita ya kilomita nayo ichunguzwe. Kwenye Canter nyingi kuukuu waya wake ulikatika zamani, na hapo itabidi utumie simu kupima umbali. Hata ikifanya kazi, angalia tairi. Lori lililotoka na tairi za 7.00-16 likavalishwa 7.50-16, jambo ambalo wabeba mchanga hupenda, litatembea karibu asilimia 4 zaidi ya inavyosoma mita. Kwa daftari litaonekana linakula, kumbe ni mita inayopunja kilomita.

Ukishapata namba yako halisi, usikimbilie injini. Anza na magurudumu. Presha ikiwa chini lori linavuta kama limebeba mzigo wa ziada, na ni wangapi kati yetu hupima presha tairi ikiwa baridi, asubuhi, kabla ya safari? Wengi huipiga teke na kusema iko sawa.

Kisha breki. Tembea kilomita kumi hivi barabarani bila kukanyaga breki sana, usimame, uzunguke lori ukisogeza mkono karibu na kila gurudumu. Usishike chuma, utaungua. Gurudumu moja likiwa moto kuliko wenzake, breki zake hazijaachia au beringi imekazwa mno. Halafu ingia chini nyuma ya gia boksi. Canter za zamani breki yake ya mkono haishiki magurudumu ya nyuma, inashika shafti pale nyuma ya gia boksi. Kebo ikishika kutu au fundi akiikaza kupita kiasi, ngoma hiyo inajisaga kutwa nzima na dereva hasikii kitu, maana lori likiwa na mzigo lina nguvu za kuiburuta. Ukinusa kitu kama kamba inayoungua ukishuka, usilaumu jirani anayechoma takataka.

Jambo linalonikera kuliko yote ni thamostati. Gari likichemka mara moja barabarani, dawa ya haraka ya mafundi wengi wa jua kali ni kuing'oa thamostati na kuitupa. Gari haliitaji, watakwambia, hii ni Afrika, kule kwa baridi ndiko wanaitumia. Linaonekana limepona. Lakini kazi ya kifaa hicho ni kuzuia maji yasipite kwenye radieta mpaka injini ifike joto lake, nyuzi 80 hivi. Kikiondolewa, maji baridi yanazunguka tangu ulipowasha, na asubuhi ya Limuru au Kinangop injini inaweza kufanya kazi saa nzima bila kupata joto. Dizeli haiungui vizuri ndani ya injini baridi, oili inabaki nzito, na silinda zinalika haraka. Kwa pikapu za petroli zenye kompyuta ni mbaya hata zaidi: sensa inaambia kompyuta kwamba injini bado ni baridi, nayo inaendelea kumwaga petroli ya kuamkia.

Zaidi ya hayo, kwenye injini zingine thamostati ikiwa haipo maji hupitia njia ya mkato badala ya radieta, na gari likaendelea kuchemka vile vile kwenye mlima. Kwa hivyo ile dawa haikutibu hata ugonjwa wenyewe.

Kujua kama unayo ni kazi ya dakika kumi. Washa injini ikiwa baridi na ushike mpira wa juu wa radieta, ukijihadhari na feni. Kama thamostati ipo na inafanya kazi, mpira utakaa baridi kwa muda kisha utapata moto ghafla. Ukianza kupata vuguvugu polepole tangu mwanzo, hakuna kitu mle, au kilichopo kimekwama kikiwa wazi. Ukinunua nyingine, itumbukize kwanza kwenye sufuria ya maji yanayochemka uone ikifunguka. Bei yake haifiki hata karibu na ya pampu. Lakini kabla ya kuirudisha, tafuta sababu ya lori kuchemka hapo mwanzoni: radieta iliyoziba, feni iliyolegea, mfuniko mbovu. La sivyo utachemka tena, na fundi atasema si nilikwambia.

Filta ya hewa nayo ina uvumi mwingi. Kwa pikapu ya petroli ya kompyuta, filta chafu huiba nguvu zaidi kuliko inavyoiba mafuta, kwa sababu kompyuta hupunguza petroli hewa ikipungua. Lori la dizeli la zamani halina akili hiyo. Hewa ikikosekana, pampu inaendelea kurusha dizeli ile ile, na isiyopata hewa inatoka kama moshi mweusi. Ukifanya kazi za mchanga na mawe kwenye barabara za vumbi, ichunguze kila wiki. Ikipulizwa, ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, na karatasi ikitoboka itupwe. Vumbi likiingia, injini haina maisha.

Moshi wenyewe ni ripoti ya bure. Mweusi ukipanda mlima ni dizeli nyingi au hewa kidogo. Mweupe usioisha injini ikishapata joto ni dizeli isiyoungua, pengine pampu imechelewa kurusha au kompresheni imeshuka. Wa bluu ni oili.

Hapo sasa ndipo unaweza kumruhusu mtu asogelee pampu. Na kabla hajafungua, tazama kitu kimoja. Pampu ya dizeli hutoka ikiwa na skrubu ya kuthibiti kiasi cha juu cha mafuta, imefungwa kwa waya na muhuri mdogo wa risasi. Kama muhuri umekatwa, kuna mtu aliyeifungulia ili lori lipate nguvu ya kupanda Kinungi na tani zisizoandikwa popote. Nguvu ilipatikana, ndiyo, ila inalipiwa kwa lita, kila siku, hata kwenye tambarare dereva akikanyaga sana. Kuirudisha si kazi ya kubahatisha kwa bisibisi kando ya barabara. Ni kazi ya fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Nozeli pia zipimwe kwa mashine: inayofaa inatoa ukungu, iliyochoka inadondosha matone. Mwambie fundi utakuja kusimama uone. Akikataa, tafuta mwingine.

Mivujo usisahau. Vijipaipu vinavyorudisha mafuta kutoka kwenye nozeli hupasuka polepole, na upepo wa barabarani hukausha ushahidi. Weka kadibodi chini ya injini usiku, uitazame asubuhi.

Kuhusu dereva, kuna tabia moja ambayo wengi huiona kama ujanja: kuweka fri kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Haiokoi. Pampu ya dizeli, hata ya zamani, hukata mafuta lori likiteremka ndani ya gia na mguu ukiwa umetoka kwa kanyagio. Ukiweka fri, injini inabaki silensi na inahitaji dizeli ili isizime. Kwa maneno mengine, fri ndiyo inayokula. Na hapo umeachia breki peke yake kushikilia tani zote hizo. Wanaoijua barabara ya Salgaa hadi Sachangwan hawahitaji kuelezwa yanayofuata. Ikiwa dereva wako ana tabia hiyo kwa sababu ulimbana kuhusu mafuta, basi ulimfundisha wewe.

Kuna pia dizeli ya mtungi, ile ya bei nafuu inayouzwa kando ya barabara kuu. Uchanganyaji wa mafuta taa ulikuwa umekithiri hadi mwaka 2018 serikali ikaweka ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kupunguza tamaa hiyo. Mafuta taa yana nishati kidogo kwa lita na hayalainishi pampu kama dizeli. Unaokoa ishirini ukinunua, unapoteza kilomita njiani, kisha unaizika pampu.

Vile vidude vya sumaku na tembe za kutia kwenye tangi, viache mtandaoni. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima zaidi ya vifaa 100 vinavyodai kuokoa mafuta na ni nadra kupata kilicholeta tofauti ya maana.

Ukishafanya haya yote, pima tena kwa njia ile ile, mara tatu. Namba ikipanda, mwonyeshe dereva, na umwombe radhi kama ulimwita mwizi. Namba ikikataa kusonga na lori halina moshi, breki haziburuti na dizeli ni safi, hapo ndipo swali la tangi kunyonywa usiku lina msingi, na kufuli ya mfuniko haigharimu sana.

Na ikiwa moshi bado upo, peleka kupimwa kompresheni silinda kwa silinda. Zikiwa zimeshuka, utaambiwa ufungue injini au ununue nyingine iliyotumika kule Grogan. Usikubali siku hiyo hiyo. Chukua bei utakayopewa, ugawanye kwa pesa ambazo lita zilizookolewa zingekurudishia kwa mwezi. Jibu likiwa miezi minane, zungumza na wenzako wa chama. Likiwa miaka minne, liuze lori likiwa bado linatembea.